Katriji za karatasi za Enfield ya 1853: dalili, chanzo na dawa yake

Risasi imekwama katikati ya mtutu. Fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, imelia, bunduki imenyamaza. Ubao wa shabaha una matundu manne na kila moja liko kona yake. Anayepatwa na haya huanza kuigeuzageuza bunduki, ilhali chanzo mara nyingi kimebaki nyumbani, kwenye meza aliyokunjia karatasi.

Mwongozo huu ni wa wenye nakala za kisasa za Enfield Pattern 1853, gobore lenye mifereji ndani ya mtutu. Jeshi la Uingereza lilienda nalo vita vya Crimea, na pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, zililinunua kwa wingi. Leo hupigwa zaidi kwenye mashindano ya shabaha, Marekani na Uingereza, na wanaolipiga kwa katriji za karatasi kama za askari wa enzi hizo ndio ninaowaandikia hapa.

Kwanza masharti. Bunduki hizi zinataka baruti nyeusi, au mbadala ambao mtengenezaji wa bunduki yako ameutaja kwa maandishi. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi itapasua mtutu hata ukiweka kidogo. Bunduki halisi ya karne ya 19 isipigwe kabla fundi wa silaha hajaikagua. Fuata pia sheria ya mahali ulipo: Tanzania na Kenya silaha inataka leseni, na Uingereza hata kununua na kuweka baruti nyeusi kunahitaji cheti chake. Kuhusu magobore yaliyosalia vijijini kwetu, mengi hayana mifereji, na hilo lina historia: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki zenye mifereji katika sehemu kubwa ya Afrika lakini ukaacha mlango wazi kwa gumegume zisizo na mifereji. Mengine yameundwa mtaani kwa mabomba. Hayo usiyapige kabisa, wala usiyatumie kujaribia lolote lililoandikwa hapa.

Katriji yenyewe ikoje

Bila kuijua katriji huwezi kusoma dalili. Katriji ya Enfield ni mrija wa karatasi wenye baruti upande mmoja na risasi upande wa pili. Risasi imelala kichwa kikielekea baruti, kitako kikiwa nje, na sehemu ile ya karatasi inayoizunguka risasi imechovywa kwenye nta na mafuta. Mpigaji huchana ncha iliyosokotwa, humimina baruti mtutuni, huigeuza katriji juu chini, huingiza upande wa risasi kwenye mdomo wa mtutu, huvunja mrija mtupu uliobaki na kuutupa, kisha husukuma risasi kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, mpaka ikae juu ya baruti. Risasi hushuka ikiwa bado imevaa karatasi yake. Karatasi hiyo ndiyo inayobeba mafuta, na ndiyo inayoziba nafasi kati ya risasi na ukuta wa mtutu.

Springfield ya Marekani ya 1861 ni habari nyingine. Kule risasi hutolewa kwenye karatasi, karatasi hutupwa, na mafuta yako kwenye mikato ya risasi yenyewe. Kama unapiga kwa mtindo huo, dalili za karatasi zitakazofuata hazikuhusu, ila za fataki na za ukoko, yaani masizi ya baruti yanayogandamana mtutuni, zinakuhusu sawasawa.

Risasi haishuki

Hii ndiyo shida inayowatoa watu jasho zaidi, na ina vyanzo vinne vinavyofanana kwa sura.

Pima kwanza. Mtutu wa Enfield una kipenyo cha inchi .577, yaani milimita 14.66. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kijitabu cha bunduki. Nakala za kisasa hutofautiana, kwa hiyo pima mtutu wako. Kisha pima risasi ikiwa tayari imekunjiwa karatasi, si risasi tupu. Karatasi ya unene wa milimita 0.075 ikizungushwa mara mbili huongeza milimita 0.3 kwenye kipenyo, kwa sababu kila mzunguko unahesabika pande zote mbili. Karatasi ya ofisini ya kuchapishia ina unene wa karibu milimita 0.1, na mizunguko miwili huongeza 0.4. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa: wamenunua risasi ya kipimo sahihi, wakaifunga kwa karatasi iliyokuwa karibu na mkono.

Waingereza wenyewe walijifunza hili kwa gharama. Risasi ya kwanza ya Enfield, iliyobuniwa na mtengeneza bunduki Pritchett, ilikuwa na kipenyo cha inchi .568, yaani milimita 14.43. Mtutu ukiwa safi ilishuka vizuri, lakini katika joto la India ukoko ukishajikusanya askari walihangaika kuishusha. Mwaka 1859 kipenyo kikapunguzwa hadi inchi .550, milimita 13.97, na shida ikaondoka. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huo huo: anza na .550. Nafasi inayobaki isikutishe, kwa sababu risasi laini yenye shimo kitakoni hutanuka baruti inapowaka na kuikamata mifereji.

Kama vipimo viko sawa na risasi tatu za mwanzo zilishuka bila tatizo ila ya sita imegoma, chanzo ni ukoko. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haiwi gesi; hubaki kama moshi na masizi, na sehemu yake hugandamana mtutuni. Siku ya joto kavu ukoko huo unakuwa mgumu kama wa wali uliosahauliwa jikoni. Siku yenye unyevunyevu hulainika na risasi hupita. Dawa si kupiga mswaki kila baada ya risasi. Dawa ni mafuta ya kutosha kwenye katriji. Mdomo wa mtutu baada ya risasi kadhaa unapaswa kuwa na utando laini mweusi wenye unyevu wa mafuta. Ukiwa mkavu na wa kijivu, katriji zako zina njaa ya mafuta.

Aina ya mafuta nayo ina neno. Mafuta ya madini, yaani grisi ya gari, oili ya injini na vaselini, yakikutana na moto wa baruti nyeusi huacha kitu kama lami. Ukiona ukoko wako ni mweusi tii, unanata na haulainiki kwa maji, hapo ndipo pa kutafuta. Tumia nta ya nyuki na mafuta ya mnyama yasiyotiwa chumvi. Chumvi italeta kutu.

Chanzo cha nne ni mkunjo mbaya: karatasi imejikunja juu ya kitako cha risasi ikafanya nundu. Hii utaihisi mapema, kwa sababu risasi hugoma pale pale mdomoni. Izungushe katriji kati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kuitia mkobani. Nundu yoyote unayoihisi kwa kidole, mtutu nao utaihisi.

Sasa, risasi ikishakwama nusu ya njia, usiipige. Narudia, usiipige. Nafasi ya hewa kati ya baruti na risasi huweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua. Toa fataki kama umeshaivisha, weka mdomo wa mtutu upande salama, mwili wako ukiwa pembeni, na ujaribu kuisukuma kwa mdeki imara wa kazi mpaka alama yake ifike mahali pake. Isipofika, fungua nipo, yaani kichuchu cha chuma kinachovishwa fataki, mwaga maji kupitia hapo mpaka baruti iloe kabisa, kisha ing'oe risasi kwa skrubu ya kung'olea inayofungwa kwenye mdeki.

Alama kwenye mdeki

Nimeitaja alama, na kama huna, ichore leo. Tumbukiza mdeki kwenye mtutu mtupu, weka alama ya kwanza usawa wa mdomo. Pakia katriji moja kamili, weka ya pili. Alama hizo mbili zinajibu maswali ambayo macho hayawezi: bunduki ina kitu au haina? Risasi imekaa juu ya baruti? Imepakiwa mara mbili?

Hilo la mwisho si la kufikirika. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, zilikusanywa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Nyingi zilikuwa bado zimepakiwa, na maelfu zilikuwa na zaidi ya risasi moja ndani, kwa sababu katika makelele yale mtu hakujua kwamba bunduki yake haikulia. Kwenye uwanja wa shabaha jirani yako akifyatua pamoja nawe, kosa hilo linawezekana kabisa. Usiposikia teke begani, usipakie tena.

Fataki imelia, bunduki haikulia

Baki ulivyo. Mdomo wa mtutu uendelee kuelekea kwenye shabaha kwa angalau dakika mbili, maana cheche inaweza kuwa bado inatafuta njia. Kisha vaa fataki mpya na ujaribu tena. Ikigoma, subiri tena vile vile, ndipo utafute.

Kama ni risasi ya kwanza ya siku, shuku mafuta uliyopaka wakati wa kuhifadhi. Yameteremka na kuziba njia ya moto. Hili huzuiwa kabla ya kupakia: mtutu ukiwa mtupu, vaa fataki, elekeza mdomo kwenye jani au majani makavu chini, hatua ndogo tu kutoka mdomoni, na ufyatue. Jani likitikisika, njia iko wazi. Lisipotikisika, njia imeziba, na hakuna katriji itakayokusaidia. Kwa sababu hiyo mimi sipakii bunduki ambayo sijaona jani lake likicheza.

Kama imegoma katikati ya siku, ukoko ndio umeziba. Chokoa tundu la nipo kwa sindano ya shaba nyeupe au waya laini.

Kama pigo la kwanza la nyundo haliilizi fataki ila la pili huiliza, fataki haikai mpaka chini kwenye nipo. Pigo la kwanza linaisukuma tu. Badilisha saizi ya fataki au nipo.

Na kama yote hayo ni mazima, kubali kwamba huenda hakuna baruti ndani. Katriji za karatasi zina mtego huu: ncha iliyosokotwa haikuchanika vizuri, mpigaji akageuza akidhani amemimina, kumbe baruti imebaki kwenye mrija na mrija ameutupa. Uangalie mrija chini ya miguu yako. Ukiwa mzito, umepata jibu. Dawa ni kufungua nipo, kutia punje chache za baruti kupitia hapo, kurudisha nipo, kuishindilia risasi tena mpaka chini ili kusiwe na nafasi, na kuifyatulia kwenye shabaha.

Katriji zilizokaa muda mrefu zina kosa jingine lililojificha. Mafuta hupanda polepole ndani ya karatasi mpaka kwenye baruti. Zifungue mbili tatu uzimimine kwenye karatasi nyeupe. Baruti njema hutiririka punje moja moja na haiachi doa. Ikishikana mabonge, au karatasi nyeupe ikipata duara la mafuta, katriji za kundi lile lote zivunje. Chanzo ni kiwango kikubwa mno cha mafuta ya mnyama kwenye mchanganyiko, au katriji zimeachwa juani. Nta safi ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Mafuta ya mnyama hulainika mapema zaidi. Nchi ya baridi ongeza mafuta, nchi ya joto ongeza nta. Mombasa na Muscat ningetumia nta karibu tupu.

Ni mafuta hayo hayo, tukumbuke, yaliyowasha moto wa uasi wa India wa 1857. Askari wa Kihindu na wa Kiislamu wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki walisikia kwamba katriji mpya za Enfield zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, nao walitakiwa kuzichana kwa meno. Mangal Pandey aliwashambulia maofisa wake huko Barrackpore tarehe 29 Machi, na tarehe 10 Mei Meerut ikalipuka. Malalamiko yalikuwa mengi zaidi ya katriji, lakini katriji ndiyo iliyokuwa mkononi mwa kila askari. Anayekunja katriji leo kwa ajili ya kundi lenye watu wa dini mbalimbali atumie nta ya nyuki, na awaambie wenzake ametumia nini.

Risasi zinatawanyika

Kabla ya kugusa chochote, tembea hatua chache mbele ya mstari, uwanja ukiwa umefungwa na ruhusa imetolewa, uokote vipande vya karatasi. Hakuna chombo cha kupimia kinachokwambia zaidi ya vipande hivyo, na inanisikitisha kuona watu wakivikanyaga kwenda kutazama ubao.

Vipande vikiwa vidogo, vimechanika kwa urefu kufuata mifereji, kingo zake safi, karatasi inafanya kazi yake: risasi imetanuka, imeshika mifereji, na imevua nguo mara ilipotoka. Ukiokota karatasi nzima iliyobaki na umbo la kikombe, haikuchanika. Huenda imeng'ang'ania risasi hewani na kuivuta upande. Hapo tumia karatasi nyembamba zaidi, au kata mikato mitatu midogo kwa urefu kwenye karatasi inayozunguka risasi, na uhakikishe hukuigandisha kwa gundi. Ukiona kingo zimeungua na kuwa za kahawia, gesi imepita pembeni ya risasi. Maana yake risasi haikutanuka vya kutosha.

Risasi isiyotanuka husababishwa zaidi na madini magumu. Bonyeza kitako kwa ukucha. Kwenye madini safi ya risasi ukucha huacha mfereji unaoonekana. Kwenye madini yaliyochanganywa huteleza. Vizito vya magurudumu ya gari vina antimoni na ni vigumu mno kwa kazi hii. Risasi ya betri usiiyeyushe hata kwa majaribio, mvuke wake ni sumu kali. Yeyushia nje penye upepo, na unawe mikono kabla ya kula. Madini haya hayana huruma kwa watoto wa nyumbani.

Kwenye ubao nako kuna maandishi. Tundu refu badala ya duara maana yake risasi imefika kiubavu, haikuzungushwa na mifereji. Rudi kwenye ukucha. Matundu yakijipanga wima, juu na chini, mara nyingi ni kiasi cha baruti kinachobadilika. Kipimo cha kijeshi kilikuwa dramu mbili na nusu, karibu gramu 4.4, nyuma ya risasi ya gramu 34 hivi. Nakala nyingi hupenda kidogo kuliko hicho. Anza na kiwango cha chini cha mtengenezaji. Pima kila katriji kwa kipimo kile kile, na unapopakia gonga mrija kwa ukucha ili punje zilizojificha kwenye mikunjo zishuke. Matundu yakitawanyika kulia na kushoto, hapo acha katriji, tazama upepo na bega lako.

Kuongeza baruti ili kutibu mtawanyiko ni dawa mbaya. Kitako cha risasi ni chembamba; kikizidiwa hupanuka kama tarumbeta kinapotoka mtutuni na usahihi huisha kabisa.

Katriji inavuja mkobani

Baruti chini ya mkoba ni hatari, si uchafu tu. Karatasi imepasuka kwenye bega, pale mrija unapokutana na kichwa cha risasi, kwa sababu imekunjwa kuvuka nyuzi zake. Karatasi yoyote huchanika kirahisi upande mmoja kuliko mwingine; chana kipande ujue, kisha panga mkunjo wako. Tumia kijiti laini cha kukunjia chenye ncha iliyochimbwa kidogo ili kichwa cha risasi kikae ndani yake. Kung'uta mkoba baada ya kila siku ya uwanjani.

Cheche zilizobaki

Kwa Enfield karatasi hutoka na risasi, kwa hiyo tatizo hili ni dogo kuliko kwa wanaofyatua baruti tupu bila risasi kwenye maigizo ya vita. Hao wasishindilie karatasi kamwe: karatasi iliyobaki chini ndani ya mtutu huendelea kufuka, na baruti inayofuata huikuta. Lakini hata wewe usimimine baruti kutoka kwenye chupa moja kwa moja mtutuni. Katriji moja ikiwaka utaungua, chupa ikiwaka ni bomu. Shika mdeki kwa ncha za vidole, usiuwekee kiganja juu. Ukiwa na shaka, pitisha kitambaa kibichi kabla ya kupakia.

Nyundo inarushwa nyuma, fataki inasambaratika

Nipo imekwisha. Gesi ya moto imepanua tundu lake na shinikizo linarudi kwenye nyundo. Linganisha na nipo mpya kwenye mwanga. Utaona tofauti kwa macho. Ni kipuri cha bei ndogo, nunua viwili. Unapofunga kipya, pakaza mafuta kidogo kwenye nyuzi zake za skrubu, na usafishe mtutu jioni ile ile kwa maji ya moto na sabuni kidogo, ukaushe, ndipo upake mafuta: mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu hewani, na kwa aliye pwani kutu huanza kabla ya asubuhi.